Miaka Thelathini na Tatu ya Kuwaamsha Watu: Tunamuaga Bi Punguza

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi mkuu wa kitengo chetu cha wagonjwa mahututi atasaini kitabu cha zamu kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia hospitali hii miaka thelathini na tatu na miezi minne, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimaliza ndani ya chumba kimoja chenye vitanda sita, madirisha mawili yasiyofunguka na kengele zisizojua kunyamaza. Ofisi ya utumishi imetuletea barua yenye jina lake kamili. Ilitubidi tuisome mara mbili kujua inamhusu nani, maana hapa kila mtu, kuanzia mganga mkuu hadi wafanya usafi, anamwita Bi Punguza.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu kati ya waliobaki, mimi ndiye niliyekaa naye muda mrefu zaidi. Mhariri wa jarida amenisihi niandike kitu cha kuchangamsha. Nitajitahidi, ingawa kitengo chetu si mahali pa kuchangamka sana, na mhusika mwenyewe amenionya nisije nikammwagia sifa tupu. Alisema kama nitaandika, basi niandike na habari za yule fundi cherehani. Nitafika huko.

Alianzia wadi ya wanaume, akahamia chumba cha vidonda, kisha akaletwa mahututi kwa miezi mitatu kumshikia nafasi mwenzake aliyekwenda kujifungua. Mwenzake alirudi, akajifungua tena mara mbili, akastaafu. Yeye bado yupo. Wakati anafika kulikuwa na mashine mbili tu za kupumulia, na moja ilikuwa na tabia ya kuzimika bila kuaga, kwa hiyo mfuko wa kupumulisha kwa mkono ulining'inia kwenye msumari pembeni ya kitanda, tayari kunyakuliwa.

Enzi hizo kazi tulifundishwa hivi: mgonjwa akishawekwa mpira kooni na kuunganishwa na mashine, mlaze kwa dawa, tena mlaze hasa. Akiwa macho atahangaika, atapigana na mashine, atauchomoa mpira, na ukichomoka huenda tusiuwahi. Akilala fofofo, mashine inampumulia na muuguzi anapata nafasi ya kujaza chati. Chumba kikiwa kimya tulisema leo zamu nzuri. Bi Punguza, ambaye hakuwa bado na jina hilo, alikuwa hodari wa ukimya huo. Pampu ya dawa ilimtii kuliko alivyomtii mume wake, na hayo ni maneno ya mume wake.

Jambo moja lilimtofautisha tangu mwanzo: aliongea na waliolala. Kila asubuhi alipita kitanda kwa kitanda akiwatangazia siku, tarehe na hali ya hewa. Daktari mmoja mgeni alimuuliza kama huwa anajibiwa. Alijibiwa baada ya wiki mbili, mgonjwa wa kitanda cha nne, karani wa posta, alipotolewa mpira. Neno lake la kwanza halikuwa asante. Alisema kwa sauti iliyokwaruza, "Sista, wiki iliyopita ulitangaza Jumanne mara mbili." Tuliangalia kalenda. Alikuwa sahihi.

Tulicheka sana siku ile. Bi Punguza hakucheka. Alirudi kwenye meza yake, na baadaye aliniambia kwamba tangu hapo alianza kuwa na wasiwasi: kama yule alikuwa anasikia Jumanne, alikuwa anasikia nini kingine?

Sasa nifike kwa fundi cherehani.

Ni miaka kumi na miwili imepita. Alikuwa mama wa miaka arobaini na moja, mwenye kibanda cha ushonaji karibu na stendi, aliyeletwa na nimonia iliyomjaa mapafu yote mawili. Alikuwa amekaa kwenye mashine siku nne, na siku ya tano, Jumamosi asubuhi, alikuwa anaanza kupata nafuu. Bi Punguza alikuwa msimamizi wa zamu. Mimi nilikuwa na miaka mitano kazini na nilihudumia kitanda cha pembeni.

Saa nne hivi yule mama alianza kuhangaika. Alirusha miguu, akakunja mgongo, mashine ikawa inalia kila baada ya sekunde chache kwa sababu yeye alivuta hewa wakati mashine inasukuma. Oksijeni mwilini ilishuka kutoka asilimia tisini na nne hadi themanini na moja. Bi Punguza alifanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: aliongeza dawa. Mama akatulia. Baada ya saa moja akaanza tena. Akapiga simu kwa daktari wa zamu, daktari akakubali, akaongeza tena. Kufika Jumapili mchana dozi ilikuwa mara tatu ya ile ya Ijumaa, na mama amelala kama gogo. Mkojo nao ulikuwa umepungua hadi karibu kukauka. Tuliandika kwamba figo zimeanza kufeli.

Jumapili alasiri tulimgeuza tubadilishe shuka, yeye upande mmoja, mimi upande wa pili. Nilipoinua paja la kushoto niliona mpira wa mkojo umekunjika chini yake, umekunjika kabisa, kama bomba la bustani lililokanyagwa. Nikaunyoosha. Mkojo ulishuka kwa kasi, ukajaa mfuko, nikafungua mfuko wa pili. Mapigo ya moyo yaliyokuwa mia moja na thelathini yakashuka mbele ya macho yetu hadi tisini na sita.

Bi Punguza aliutazama ule mfuko muda mrefu. Mama wa watu alikuwa amebanwa na mkojo siku moja na nusu, hana namna ya kusema kwa sababu ana mpira kooni, na kila alipojaribu kusema kwa miguu tulimzima kwa dawa.

"Ni mimi," akasema. "Chati ya mkojo niliisoma mwenyewe. Sikuinua hata shuka."

"Sista, tulikuwa wote."

"Pampu nilishika mimi."

Alimpigia simu daktari bingwa wa usingizi, ambaye ndiye mkuu wa kitengo, wakakubaliana pampu izimwe. Kisha akaketi akaandika taarifa ya tukio, ukurasa mmoja na nusu, bila kumtaja mtu mwingine yeyote. Alipomaliza alikwenda barazani alikokuwa amekaa mume wa mgonjwa, dereva wa gari la maji, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Daktari wa zamu alimkimbilia kwenye korido.

"Unakwenda kumwambia nini? Mke wake hata hajaamka. Subiri tujue mwisho wake."

"Nikisubiri mwisho nitakuwa namwambia kutegemea umekuwaje," alijibu, akaendelea kutembea.

Nilimfuata. Alimweleza yule dereva kila kitu kwa maneno mepesi: mpira ulikunjika, hatukuuona, tukadhani anapigana na mashine, tukamlaza zaidi ya ilivyohitajika. Sasa dawa imezimwa na tunasubiri aamke. Dereva alimsikiliza akizungusha funguo za gari kidoleni.

"Ataamka lini?"

"Kwa dozi ya kawaida ningesema kesho."

"Ungesema," alirudia mume. "Na sasa?"

"Sasa sijui, baba. Naogopa kama wewe."

Jumatatu hakuamka. Kila asubuhi Bi Punguza alimpima kwa kile kipimo chetu cha namba, ambacho sifuri ni mtu aliye macho na ametulia, na chini kabisa, kutoa tano, ni mtu asiyeshtuka hata ukimbana kucha. Jumatatu, kutoa tano. Jumanne, kutoa tano. Jumanne hiyo alitangaza siku na tarehe kama kawaida yake, lakini hakufika kwenye hali ya hewa. Hakwenda kula. Nilimwona mara tatu akiinua shuka la kila mgonjwa na kufuata mpira kwa kidole, kutoka juu hadi kwenye mfuko, kisha anaanza upya.

Jumatano asubuhi daktari bingwa alituita wawili pembeni ya dirisha. Si mtu mkali. Alizungumza taratibu, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Sista, siku ya tatu hii. Kwa dozi ile, hata mwenye usingizi mzito angeshaanza kujitikisa. Oksijeni ilishuka Jumamosi mara ngapi? Huenda ubongo umepata shida. Kuna kijana wa ajali pale dharura, wanampumulisha kwa mkono tangu alfajiri na sina mashine. Nataka nizungumze na familia ya mama leo kuhusu kumtoa kwenye mashine."

"Mkojo ulipozibwa uliziumiza figo zake, zikalala," alisema Bi Punguza. "Dawa hii figo zisipofanya kazi haitoki. Imejazana mwilini. Baada ya ule uliomwagika Jumapili, mkojo umerudi vizuri jana tu. Nipe mpaka Ijumaa."

"Na kama tatizo ni ubongo?"

"Basi nitakuwa nimekosea mara mbili, na ya pili nitaiandika kama nilivyoandika ya kwanza."

Ndipo Bi Punguza aliposema neno ambalo sijalisahau, na ndilo linalonifanya nimheshimu kuliko cheo chake kinavyodai. "Daktari, nikuambie ukweli. Sijui kama hapa namtetea mgonjwa au najitetea mimi. Usinisikilize mimi. Angalia karatasi ya figo."

Daktari aliichukua karatasi, akaisoma, akaisoma tena. Kisha akapiga simu chumba cha upasuaji kuomba mashine yao. Upasuaji wa siku hiyo uliahirishwa, na daktari wa upasuaji alikuja mwenyewe kutugombeza mpaka miwani yake ikaingia ukungu. Yule kijana alipata mashine, na kesho yake akahamishiwa hospitali nyingine kwa gari la wagonjwa. Alifika salama. Lakini asubuhi ile hatukujua kama atafika, na tulipitisha siku nzima tukijua kwamba tumekalia mashine ya mtu kwa ajili ya mtu ambaye huenda hakuwepo tena.

Alhamisi, saa tano asubuhi, mume alikuja. Bi Punguza alimwekea kiti karibu na mto.

"Ongea naye."

"Nimwambie nini? Nimeshamwambia apone. Nimeshasali mpaka nimeishiwa."

"Habari za nyumbani. Za kazini kwake. Za kawaida kabisa."

Dereva alijikohoza. Alimwambia mke wake kwamba watoto wako salama. Kwamba mdogo amefeli hesabu lakini si sana. Kwamba mtungi wa gesi ulikwisha. Uso wa mama haukutikisika, na mimi nilijifanya nafuta meza ya dawa ili nisiwatazame. "Na jirani," akaendelea, akitafuta la kusema, "alikuwa na sare za shule za kumalizia, akaomba cherehani yako. Nimempa."

Paji la uso likakunjana.

Mkunjo ulikuwa mdogo, ukaja ukaondoka. Nilidhani ni macho yangu. Bi Punguza alikuwa ameshika reli ya kitanda kwa mikono miwili.

"Sema tena, baba."

"Watoto wako..."

"Hapana! Cherehani!"

"Jirani nimempa cherehani yako. Ile kubwa. Ameibeba kwake."

Paji likakunjana tena, safari hii na nyusi zikashuka, na midomo iliyozunguka mpira ikabana. Bi Punguza alimwekea vidole viwili kiganjani. "Mama, minya mkono wangu." Tukasubiri. Sijui tulisubiri muda gani. Kisha akaniangalia, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Ameminya."

"Amekasirika!" dereva alipiga kelele hadi kitanda cha sita wakageuka. "Sista, ninamjua huyu, amekasirika!" Akaweka kichwa juu ya godoro akalia kwa sauti yake ile ndogo, huku akiahidi kuirudisha cherehani jioni hiyohiyo.

Sitaki mtu adhani mambo yaliishia hapo kwa shangwe. Siku nne zilizofuata mama aliamka na akili iliyochanganyikiwa. Aliona, kama alivyotusimulia baadaye, pazia la kitanda limeshonwa upande usio sahihi, akataka kulifumua. Kwa ishara za mikono alitushutumu kwa kumwibia vitambaa. Mara mbili mkono wake ulifika kwenye mpira wa kooni. Zamani tungemlaza. Bi Punguza aliketi naye, akamshika mkono, akamweleza yuko wapi, tena na tena, na alipochoka niliketi mimi. Mpira ulitolewa Jumatatu. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani hakuweza kubeba kikombe kilichojaa, na ilimchukua miezi saba kuingiza uzi kwenye sindano. Mpaka leo vidole viwili vya mkono wa kushoto vina ganzi. Bi Punguza anajua ni viwili, na anajua ni vidole vipi.

Kamati ya nidhamu ya hospitali ilimpa onyo la maandishi. Hakulikatia rufaa. Alichofanya ni kubandika karatasi yenye mwandiko wake juu ya kila pampu: kabla ya kuongeza, tazama mtu. Anaumwa? Amebanwa? Mpira umekunjika? Anaogopa? Anasikia, anaona, miwani yake iko wapi? Dawa ya maumivu ije kwanza, ya usingizi baadaye, tena kidogo. Na kila asubuhi baada ya raundi, kwa mgonjwa ambaye hali yake inaruhusu, pampu izimwe, tukae tumtazame anavyoamka. Madaktari walipoingia walimkuta ameshafika mbele yao: "Huyu tupunguze. Na huyu punguza." Jina likazaliwa, mwanzoni la kejeli.

Msidhani ilikuwa rahisi. Kumzima mtu ni dakika moja; kumwamsha ni asubuhi nzima ya roho mkononi. Mwaka ule wa kwanza mwashi mmoja aliamka haraka kuliko tulivyotarajia, akachomoa mpira kwa nguvu za kazi yake, na kwa dakika sita tulihangaika kuurudisha huku akibadilika rangi. Alipona, lakini nusu ya wauguzi walitaka karatasi zile zishushwe. Bi Punguza alikiri mbele yetu kwamba hajui kama yuko sahihi. Aliomba jambo moja tu, kwamba yeyote anayeamshwa awe na muuguzi pembeni asiyeondoka, na kwa miezi mitatu muuguzi huyo alikuwa yeye. Leo wagonjwa wetu wanakaa kwenye mashine siku chache kuliko zamani, wengi wanaondoka wakijua majina ya watoto wao, na waliojifunza kwake wanasimamia vitengo katika hospitali nyingine nne.

Ana mazoea yake, nisiyafiche. Hajawahi kurudisha kalamu aliyoazima. Akikuta kikombe chako cha chai kwenye meza ya dawa anakimwaga bila kuuliza ni cha nani, na aliwahi kumwaga cha mganga mkuu. Akicheka hufunika mdomo kama msichana. Mume wake, fundi seremala, ametuomba tumpe barua rasmi ya kumkataza kutembea nyumbani akikagua nani amelala vizuri na nani amekunja shingo. Wajukuu wamelalamika.

Kwa niaba ya wauguzi, madaktari, wafanya usafi na mafundi mitambo, tunakushukuru, dada yetu, kwa kutufundisha kuinua shuka. Tunakushukuru kwa ukurasa ule mmoja na nusu, ambao tunausoma kwa kila muuguzi mpya siku yake ya kwanza, kwa ruhusa yako.

Tulikuuliza unataka zawadi gani. Ulisema hutaki kitu, ila unataka kujua habari za kitanda cha pili. Ninapoandika haya ni Jumatano, saa nne kasorobo asubuhi. Kitanda cha pili yupo mwalimu wa chekechea, siku ya nane kwenye mashine. Tulizima pampu yake saa tatu. Umeketi pembeni yake, miwani imeshuka puani, na umeshamtangazia siku na tarehe. Kope zimetikisika mara moja, au labda tumeona tunachotaka kuona. Kengele imelia, wote tumeruka, umeinua kiganja bila kugeuka: tulieni, anakohoa tu. Jarida linakwenda kwa mpiga chapa mchana huu, na Ijumaa utaondoka pengine kabla hatujajua.

Nenda nyumbani, Bi Punguza. Tunakuombea afya, nafasi na siku ndefu zisizo na kengele. Na simu yako iache wazi. Akiamka tutakupigia. Asipoamka, tutakupigia vilevile.